Majivu Yasiyogeuzwa

Mama alinituma nikamchukue dada yangu kama mtu anavyomtuma mtoto akanunue chumvi.

"Pitia kwa Nuan. Ule mzigo uko tayari," alisema, bila kuinua macho kwenye kinu. Alikuwa anatwanga pilipili za wageni. Kesho yake ilikuwa sadaka ya siku mia ya dada yangu Buakham. Watawa wangekuja asubuhi, na kijiji kizima nyuma yao.

Mzigo. Hakusema sanamu, wala hakutaja jina. Tangu tumchome Buakham, jina lake nyumbani kwetu lilikuwa limegeuka kuwa "ule mzigo", "yale mambo", "yule".

Nuan ni mfinyanzi, na kazi yake ni marehemu. Unampelekea majivu ya mtu wako na picha yake. Anayachanganya na udongo mweupe wa huku kwetu Lampang, anafinyanga sanamu ya kukaa kiganjani, anaichoma tanurini, nawe unaiweka kwenye meza ya maombi, pembeni ya mishumaa. Mama alimpelekea majivu ya Buakham pamoja na picha moja: Buakham akicheza ngoma ya hekaluni, kucha ndefu za shaba vidoleni, kiuno chembamba kama cha nyigu. Mama aliichagua picha ile kwa sababu ya kiuno. Nilijua.

"Uwahi kurudi, Saengla," Mama aliniambia nilipowasha pikipiki. "Na ukiitwa njiani, usiitike."

Nikamuuliza nani ataniita. Akaendelea kutwanga.

Mimi nasoma sheria Chiang Mai, na niko kwenye timu ya mdahalo ya chuo. Wiki chache kabla ya jioni ile nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa nikitetea hoja kwamba aibu anayovishwa mwanamke ni nguo ya jamii, na jamii ndiyo iivue. Walipiga makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sijisifu. Nataka tu ujue ni mdomo gani huu tunaouzungumzia.

Yalikuwa majira ya moshi. Mashamba yanachomwa, milima haionekani, jua linazama jekundu kama kidonda. Hata mate yana ladha ya jiko.

Kwa kawaida Nuan unamsikia kabla hujamwona. Ni mwanamke mnene, mcheshi, hana siri. Wateja wake wanono ni matajiri wa Bangkok wanaomletea majivu ya mbwa. Husema kwamba watu wa hapa wanamletea mama zao wazazi na bado wanaomba punguzo, wa Bangkok wanamletea mbwa na wanalia mpaka wanasahau kuuliza bei.

Jioni ile alikuwa kimya.

Alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na geti, taa zote za karakana zikiwaka nyuma yake. Katikati ya uwanja kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kitu kilichofungwa kwa taulo. Kuku wake walikuwa wanadonoa uwanja mzima. Kuzunguka kigoda kile hakukuwa na kuku hata mmoja.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Chukua mwenyewe."

Nikamtania kwamba leo hata maji ya kunywa hanikaribishi. Hakucheka. Akaniomba nikae kwanza, akanieleza kwa sauti ya chini, huku akitazama kigoda zaidi ya alivyonitazama mimi.

Sanamu ya kwanza ilipasukia tanurini. Hilo ni jambo la kawaida, hewa ikinaswa ndani ya udongo hupasua. Akafinyanga ya pili. Ile ilitoka nzima. Uso ni wa Buakham, kucha ni za Buakham, mkunjo wa mkono ni wake kabisa. Ila tumbo lilikuwa limevimba.

"Udongo huvimba, mdogo wangu, usinielewe vibaya. Nimeona mbwa akitoka na kichwa kama boga. Nikasema ni hewa hiyo. Nikaivunja kwa nyundo nianze upya."

Akajikuna mkono.

"Ikawaje?"

"Ndani kulikuwa na kidonge cha udongo."

"Kidonge tu."

"Ndiyo. Kidonge." Alishusha sauti mpaka nikalazimika kumwinamia. "Kilikuwa kimejikunja."

Ya tatu aliifinyanga na tumbo bapa, karibu libonyee kwa ndani. Akakaa mbele ya tanuri hakubanduka. Alipofungua, ikamtoka vilevile. Hakuivunja tena. Aliifunga taulo, akaitoa nje, na tangu asubuhi yeye mwenyewe alikuwa hajaingia karakanani.

Kisha akauliza. Hakuuliza kwa umbea, hilo namshuhudia. Aliuliza kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango.

"Marehemu... alikuwa peke yake?"

Nikasimama. Damu ilinipanda usoni, nikasikia mdomo wangu ukifunguka na ile sauti yangu ya ukumbini ikitoka, safi, imenyooka. Nikamuuliza kama anajua anachokisema. Nikamwambia anamvua nguo maiti. Nikamuuliza ingekuwa ni mwanamume kafa, angeuliza nini kuhusu tumbo lake? Nikamwambia kwamba kwa makosa yake ya udongo anamchafulia jina msichana asiyeweza kujitetea, na kwamba kuna sheria kwa watu wa namna yake. Niliongea vizuri. Niliongea vizuri sana.

Nuan aliinamisha kichwa.

"Samahani, mdogo wangu. Basi ni hewa."

"Ni hewa," nikasema.

Ilikuwa miezi saba.

Buakham alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa akiifunga kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akaifunga hivyo mpaka siku alipoanguka chooni kwa kifafa cha mimba. Aliyempa mimba ni bwana mmoja mwenye mke na cheo. Kwenye mazishi alituma shada. Siku hizi huku kwetu mashada hutengenezwa kwa feni za umeme, ili baadaye hekalu lizitumie. Basi bwana yule alimzalisha dada yangu kifo, akaleta feni. Ina jina lake kwenye utepe. Bado inawapuliza watawa.

Tuliwaambia watu ni moyo.

Na Mama alikuwa na sababu yake, lazima niitaje, maana mdahalo bila upande wa pili ni kelele. Mwanamke akifa na mtoto tumboni, watu wa ndumba humtafuta. Majivu yake huchanganywa na nta, hufinyangwa hirizi, huuzwa kwa wacheza kamari na wanaume wanaotaka kupendwa kwa nguvu. Mama alisema ikijulikana, hawatamwacha alale. Nilikubaliana naye. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini nilimwona usoni aliposikia jirani akisema "maskini, alikuwa msichana wa heshima", na nilijua si watu wa ndumba aliokuwa anawaogopa zaidi.

Wala mimi.

Nikalibeba lile taulo. Lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, na lilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua. Nikaliweka kwenye kikapu cha mbele cha pikipiki. Nuan alinifuata mpaka getini, akanishika kiwiko.

"Usiitikise," alisema.

Njia ya kwetu inafuata mfereji wa maji. Upande mmoja mashamba yaliyoungua, upande mwingine bustani za watu za matunda. Giza lilikuwa linaanza kuchanganyika na moshi. Taa ya pikipiki ilionyesha weupe tu, kama naendesha ndani ya maziwa.

Barabara ina mashimo.

Kwenye shimo la kwanza nikasikia.

Tok.

Kitu kidogo, kigumu, kimegonga udongo kwa ndani.

Nikapunguza mwendo. Kidonge cha udongo, nikajiambia. Nuan amesema mwenyewe. Kimeachia, kinagongagonga. Ni kama kokwa ndani ya embe kavu, hakuna zaidi.

Tok... tok.

Nikasimama kabisa. Nikazima injini, nijithibitishie kwamba ni mtikisiko tu.

Injini ilikufa. Mfereji ulikuwa kimya. Pikipiki haikutikisika hata kidogo.

Tok.

Kisha harufu. Nilidhani ni moshi, upepo umebadilika. Haikuwa moshi. Ilikuwa maziwa. Maziwa ya kifuani yaliyolowa nguoni na kuchacha. Nilimfulia Buakham sidiria zake wiki ya mwisho, nikayaona yale madoa, na nilimwambia anunue sabuni bora. Ndivyo nilivyomwambia. Sabuni.

Kutoka ndani ya taulo ikaja sauti nyingine, laini, ya kunyonya. Inanyonya, inaacha. Inanyonya, inaacha. Kama mdomo unaotafuta kitu, haukipati, na bado haujajua kwamba hakipo.

Nywele zilinisimama mpaka kisogoni. Na unajua nilifanya nini? Nilitazama nyuma. Sikutazama kikapu. Nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu barabarani anayesikia.

"Nyamaza," nikanong'ona. "Nyamaza, watu watasikia."

Ikanyamaza.

Papo hapo. Kama mtoto aliyezoea kuambiwa hivyo.

Sijui niliwashaje pikipiki.

Mama alikuwa amemaliza kupika. Mikeka imetandikwa, bakuli zimepangwa, mchele wa kunata umelowekwa kwa ajili ya alfajiri. Alifunga mlango wa mbele, akaliweka taulo sakafuni katikati ya sebule, akalifungua.

Dada yangu alikuwa amesimama kwenye kiganja cha Mama, kucha zake zimekunjuka, uso umeinama kidogo kwa haya ya mchezaji. Alikuwa mzuri. Na tumbo lake lilikuwa duara, limejaa, limesogea mbele kama la mwanamke anayesubiri uchungu.

Nilimtazama Mama nione atashtuka. Hakushtuka. Aliitazama kwa uchovu, kama mtu aliyefua doa, akalianika, akalikuta bado lipo.

Akaenda chumbani. Akarudi na msasa.

"Mama, unafanya nini?"

"Watu wanakuja kesho."

Akakaa chini, akaipakata sanamu mapajani, akaanza kusugua tumbo.

Sauti ya msasa kwenye udongo... Sijui niieleze vipi. Kwa muda mrefu kulikuwa na sauti hiyo tu. Vumbi jeupe lilikuwa linaanguka sakafuni. Mama anasugua, anapuliza, anasugua. Midomo yake inatikisika, nikasogea nisikie anasali nini. Hakuwa anasali. Alikuwa anambembeleza. "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu. Vumilia, inaisha."

Ndipo niliposema. Nilianza kwa upole. Nikamkumbusha asubuhi ya majivu.

Huku kwetu, asubuhi baada ya kuchoma maiti, majivu hayakusanywi hivihivi. Mzee wa ibada huyapanga kwanza chini yawe umbo la mtu, kichwa magharibi. Huyo ni mfu. Anamwombea, anamtaja jina, kisha anayavuruga na kuyapanga upya, kichwa mashariki. Huyo amezaliwa mahali pengine. Bila kugeuzwa, mtu hajui kama amekwisha kufa.

Babu Inkaew ndiye aliyemgeuza Buakham. Alipofika tumboni, kijiti chake kilisimama. Mle majivuni kulikuwa na vifupa vyembamba, vyembamba kama vya kifaranga. Nami niliviona. Babu aliinua kichwa, akamtazama Mama. Alikuwa anasubiri. Hakuna anayeweza kumgeuza mtu asiyetajwa, hata awe mtawa, na wa kutaja ni ndugu. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, wako wawili, naye angepanga umbo la pili pembeni ya lile la kwanza. Mama aliangalia chini. Babu akanigeukia mimi. Nyuma yetu walikuwa wamesimama majirani.

Niliangalia viatu vyangu.

Babu Inkaew aliweka ua la njano juu ya vile vifupa, akaendelea. Alimgeuza mmoja.

"Twende kwa Babu sasa hivi," nilimwambia Mama. "Tumwambie. Si lazima ajue mtu mwingine."

"Atamwita mtawa. Mtawa atauliza kwa nini. Kesho saa ya chakula Fongchan hapo jirani atakuwa anajua."

"Na akijua?"

Mama alisimamisha mkono. Alinitazama kwa mara ya kwanza jioni ile, na hakukuwa na hasira machoni mwake.

"Wewe ulimjibu nini Nuan?"

Sikumwambia kwamba Nuan aliniuliza. Naapa sikumwambia.

Akaendelea kusugua. Tumbo lilikuwa linapungua. Udongo ukawa mwembamba, na mara ukatoboka, tundu dogo la kupita kidole. Tukaganda wote wawili. Mama akaigeuza sanamu juu chini, akaitikisa.

Kimya. Haikugonga. Haikutoka kitu. Ilikuwa tupu.

Na hapo nikatazama sakafuni.

Vumbi halikuwa limetawanyika. Lilikuwa limeanguka mahali pamoja, chini ya magoti ya Mama, na lilikuwa na kichwa. Lilikuwa na mgongo uliopinda. Lilikuwa na miguu miwili iliyokunjwa kifuani, midogo, mmoja umepita juu ya mwingine. Hakuna aliyelipanga. Kichwa kilikuwa upande wa mlango wa nyuma.

Magharibi.

"Mama..."

"Naona," alisema.

Nikapiga magoti. Sijui maneno ya ibada, mimi ni mtu wa vifungu vya sheria, lakini niliwahi kuona jinsi Babu anavyofanya, anasukuma kwa ubapa wa kidole, taratibu, kutoka kichwani. Nikaweka kidole. Lilikuwa laini na lina joto, kama utosi. Nikaanza kukizungusha kile kichwa kutoka magharibi. Mwili wote ulikuja nacho, mzima, bila kuvunjika, kama vile ulikuwa umenisubiri mimi. Kilifika kaskazini. Ilibaki nusu ya safari.

"Mtaje," nikamwambia Mama. "Mwite tu. Jina lolote."

Mama alifungua mdomo. Kulikuwa na jina mle, naapa, niliona midomo yake ikilishika. Alikuwa nalo siku zote.

Ndala zikasikika uani.

"Mama Saengla? Mmelala mapema hivi, au mnakula nyama mkajificha?" Alikuwa Bi Fongchan, jirani, na mzigo wa majani ya mgomba ya kufungia vitafunio vya kesho. Mlango wa nyuma haukuwa na komeo. Tayari alikuwa ameusukuma, tayari kichwa chake kiko ndani, anatabasamu, anatazama sanamu, anatazama msasa, anatazama sakafu.

"Hee. Na hiki nini?"

Mimi hapo. Nimepiga magoti, kidole changu kiko kwenye kichwa cha mtoto wa dada yangu. Ukumbi wa mtu mmoja. Hoja iko mezani. Niliwahi kupewa dakika saba kuitetea nikaomba ziongezwe.

"Vumbi," nikasema.

Nikatoa kidole.

Mama alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango. Hakufanya haraka. Akafagia kuelekea nje, na Bi Fongchan akajisogeza pembeni, akanyanyua pindo la sarongi lisichafuke, akiwa anatueleza habari za bei ya nguruwe. Vumbi likapita kizingiti, likaingia gizani.

Halikulia. Hilo ndilo sijalisahau. Tulikuwa tumeshalifundisha.

Sadaka ilifana. Mama aliziba tundu kwa nta, akalibandika karatasi ya dhahabu kama zile za hekaluni, na kila mgeni aliyeinama mbele ya meza alisifia mkanda wa dhahabu kiunoni mwa Buakham. Walisema Nuan kajua kumpatia. Kiuno kilekile. Msichana wa heshima. Babu Inkaew ndiye peke yake ambaye hakusifia. Alikaa karibu na mlango wa nyuma muda wote, hakugusa chakula, na alipoondoka aliniambia jambo moja tu, polepole, bila kunilaumu: kwamba safari hizi hazirudiwi kwa nusu, na kwamba majivu yakishakanyagwa hakuna mikono inayoyajua tena.

Mwanzoni ilikuwa chini kabisa ya mlango.

Nilikuja nyumbani likizo, nikaona mikwaruzo kwenye ubao, kwa nje, sentimita chache juu ya kizingiti. Myembamba, minne minne. Mama alisema ni panya. Fundi alisema ni mchwa. Mbwa wa Bi Fongchan alilaumiwa mpaka akafungwa kamba. Huenda walikuwa sahihi, ubao ni wa zamani na wadudu wapo. Lakini sauti huja saa ya magharibi tu, wakati taa za njiani hazijawaka. Kroo... kroo... Na Mama wakati huo huongeza sauti ya redio.

Safari iliyofuata mikwaruzo ilikuwa imefika kwenye goti langu.

Siku hizi imefika karibu na kitasa. Sijui hukua kwa hesabu ipi. Si ya kwetu. Amekwisha kuacha kutambaa, hilo nalijua, kwa sababu nimesikia nyayo, nyepesi, zikizunguka nyumba kutoka kaskazini mpaka kaskazini, zikitafuta ni upande gani watu huingilia. Mama ameweka komeo jipya. Nilimshikia tochi alipokuwa anakaza skrubu.

Jana Mama alikwenda hekaluni, nikabaki mwenyewe. Nilikuwa naandaa hotuba. Jua likazama. Nikasubiri mkwaruzo, haukuja. Badala yake nikasikia pumzi kwenye tundu la kitasa, na ile harufu, maziwa, imefifia sasa, kama kwenye nguo ya zamani.

Kisha akabisha. Alibisha kwa adabu, kwa vidole viwili, kama mtoto aliyefunzwa kwamba nyumba ya watu haiingiliwi hovyo. Aliyemfunza sijui ni nani.

"Mama mdogo."

Nilishika meza.

"Mama mdogo, siji ndani. Nauliza tu."

Sauti ilikuwa chini sana. Alikuwa ananong'ona, ili majirani wasisikie.

"Mimi naitwa nani?"

Nilikaa pale na kalamu mkononi. Mama hajaniambia lile jina, na mimi sijawahi kumwuliza. Nje hakukuwa na nyayo za kuondoka. Mpaka Mama aliporudi akapitia mlango wa mbele, mpaka tulipokula bila kuongea, mpaka sasa ninapoandika haya na jua linazama tena na redio inapandishwa sauti jikoni, sijazisikia.

Bado anasubiri jibu.